Mama anapima majirani wote, mwenyewe hajipimi

Nani aliambia mama yangu yeye ni kliniki? 😂

Sikizeni. Mama yuko Butula na ana ugonjwa wa sukari. Mashine ya kumpima haikunisumbua. Kinachomaliza mtu ni vile vijiti vya kuweka damu, kila siku vinaisha. Nikazunguka maduka ya dawa ya Busia, nikavuka mpaka upande wa Uganda, nikavutana bei hadi muuzaji akaniuliza kama anilipie na boda ya kurudi.

Nikampelekea mama vya mwezi mzima, na onyo juu: "Usitumie ovyo."

Leo nimefika bila kumwambia, soda yangu mkononi.

Majirani wamejaa kwa benchi, vidole juu. Mama anabadilisha sindano, anadunga, anasoma namba, anaita mwingine. Kumbe hivi ndivyo wageni wanakaribishwa siku hizi, hata kabla ya chai!

"Mama, na sukari yako leo ilisoma ngapi?"

"Mimi sijipimi. Si ulisema tusitumie ovyo?"

"Na hawa?"

"Mimi najua niko nayo. Hawa hawajui."

Nikakaa mwisho wa benchi, nimenuna.

"Wewe pia, leta kidole."

Kilikuwa kijiti cha mwisho. Akaangalia namba. Akaniangalia.

Halafu akachukua soda yangu polepole, akampa mzee wa jirani.

Haya, wenye kujua maduka ya bei nafuu mniambie. Sasa natafuta vijiti vya watu wawili.