Dobi Anayeyaogopa Mashuka Makavu

Ni saa moja na nusu asubuhi, na Bi Povu tayari amezama mpaka viwiko kwenye beseni la tatu. Pembeni, mashine ya kufulia, moja tu kwa nyumba nzima, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Kila inapoanza kutembea sakafuni anaisukuma kwa nyonga bila hata kuitazama.

"Rudi kwako," anaiambia. "Unakwenda wapi asubuhi yote hii?"

Nyuma yake vikapu vinne vimepangwa ukutani, kimoja kwa kila chumba cha wazee. Kabla hajaloweka chochote, Bi Povu hutoa nguo moja moja, huikunjua mbele ya dirisha, huitazama mbele na nyuma, kisha huinusa. Ndiyo, huinusa. Mgeni akikunja uso, yeye hucheka mpaka mabega yakamcheza.

"Wewe ukipewa gazeti hulisomi?" anamuuliza mwandishi wa makala haya. "Basi na mimi haya ndiyo yangu. Niache nisome."

Ana umri wa miaka hamsini na sita, na kumi na saba kati ya hiyo ameimaliza hapa, kwenye chumba cha kufulia cha makao ya wazee pembezoni mwa mji. Wazee ni ishirini na wanne, sita kwa kila chumba. Jina la Bi Povu walimpa wao, kwa sababu hakuna siku anayotokea ukumbini bila povu mahali fulani, kwenye kiwiko au hata sikioni. Limemganda hasa. Siku ya mshahara msimamizi hulazimika kulitafuta kwanza jina lake halisi kwenye orodha.

Hakusomea uuguzi. Shule aliiacha darasa la saba, akafua majumbani kwa watu, akalea watoto watatu kwa mikono hiyo hiyo iliyokunjamana kwa maji. Lakini ukitaka kujua mzee gani analala vizuri na yupi anaonewa, wenzake watakwambia mapema tu: nenda kamuulize dobi.

Anachukua shuka, anaweka kidole mahali penye tone la damu lisilozidi ukucha. "Hili liko usawa wa nyonga. Likija leo, sawa, labda amejikuna. Likija na kesho pale pale, huyu mtu hageuzwi kitandani, ngozi imeanza kuchubuka." Gauni la kulalia likifumuka kwapani, anasema, kuna aliyemwinua mzee kwa mkono mmoja kama anavuta gunia. Na uji ukikaukia kifuani mpaka ukawa ganda, mzee alilishwa mbiombio na wala hakufutwa.

"Sisemi kila doa ni dhambi," anaongeza haraka. "Watu humwaga chai. Mimi mwenyewe namwaga. Ila doa likirudi mara ya pili, natoka hapa naenda kumwona mwenyewe."

Kwa nini asimuulize mzee moja kwa moja? Bi Povu anatikisa kichwa. "Mzee atakwambia yuko salama salimini. Atamtetea hata anayemfinya, maana jioni ni huyo huyo atakayemletea chakula. Nguo haina wa kumwogopa."

Ungedhani mwanamke wa namna hii hapitwi na kitu. Alipitwa, tena na jambo kubwa, na hapendi lifunikwe. "Andika na hilo," anasema, akijifuta mikono kwenye aproni. "Usinipambe."

Ilikuwa mwaka jana. Vikapu vilivyokuwa vikimchosha kuliko vyote vilitoka vyumba viwili vya mwisho. Kwa wiki vilileta mashuka yaliyolowa mkojo yasiyopungua thelathini, na shuka lililolowa, ukilikamua kwa mkono, ni zito kama mtoto aliyegoma kubebwa. Mgongo ulimuuma mpaka akawa anavaa viatu akiwa amelala chali.

Vyumba hivyo viwili vilikuwa chini ya mhudumu mmoja, dada wa miaka thelathini hivi, aliyeingia saa tisa alasiri na kutoka saa moja asubuhi. Saa kumi na sita, wazee kumi na wawili, peke yake. Bi Povu alikutana naye kila asubuhi mlangoni, na kila asubuhi alimpa maneno yake.

"Nilimsema, nilimsema," anakumbuka. "Nikamwambia, dada, mashuka yako yatanizika, nawe utakuja kunililia kwa aibu. Nilikuwa natania. Lakini utani wa kila siku nao si unachosha mtu?"

Kisha vikapu vikaanza kuja vyepesi. Wiki ya kwanza mashuka kumi na mawili. Wiki ya pili manne. Wiki ya tatu vivyo hivyo, manne. Bi Povu hakuamini bahati yake. Akapata nafasi ya kushona vifungo vilivyokatika tangu zamani na hata kukaa chini kunywa chai ingali ya moto.

Furaha ilimjaa mpaka ikafurika. Jumatano, kwenye kikao cha wafanyakazi, alinyoosha mkono akasimama. "Nikasema, huyu dada apigiwe makofi. Ametuokoa. Na kweli wakapiga. Mimi ndiye niliyepiga kwa nguvu kuliko wote."

Msimamizi naye akafurahi. Akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu mhudumu huyo atawaonyesha wenzake njia yake, ili itumike vyumba vyote vinne. Hakuna aliyeuliza ni njia gani. Bi Povu pia hakuuliza, na hilo ndilo linalomkera mpaka leo.

Kesho yake, Alhamisi, kwa kuwa kazi ilikuwa nyepesi, aliamua kuwapelekea wazee nguo zao mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki kadhaa. Ilikuwa yapata saa kumi alasiri. Kitanda cha karibu na mlango, chumba cha tatu, ni cha mama wa miaka themanini na moja aliyeuza vitambaa sokoni maisha yake yote na ambaye wenzake wanamwita Bibi Redio. Mdomo wake hauna breki. Huanza kuongea kabla hajafumbua macho, na hakuna nguo iliyowahi kutoka kwa Bi Povu asiitie kasoro.

"Kila nikimwendea ananikaribisha kwa maneno," anasema Bi Povu, na uso wake unalainika kama mtu anayemzungumzia mama yake. "Ati, nani kakuambia unajua kupiga pasi? Gauni langu limekaa kama limetoka kwenye mdomo wa ng'ombe. Mimi nampenda kwa hilo. Nisiposemwa naye naona kama sijafua."

Siku hiyo Bibi Redio hakusema kitu. Alikuwa macho, anatazama dari. Bi Povu alimwekea gauni kifuani, akamwomba radhi kwamba mawingu yalikuwa mazito na mikono haijakauka vizuri. Bibi Redio akaupapasa mkono wa gauni mpaka akapata ule unyevu. Akauleta mdomoni. Akaanza kuufyonza.

"Nikacheka," anasema Bi Povu. Anainama kwenye beseni, anasuuza kitu kilichokwisha kusuuzwa. "Mungu anisamehe. Nikamwambia, Bibi, hiyo si pipi. Halafu nikaiona midomo yake."

Midomo ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Kikombe kilikuwa kimepinduliwa juu ya kikabati, kikavu, kimeshika vumbi. Jagi la maji lilikuwa juu ya kabati la nguo, mahali ambapo hata Bi Povu, aliyesimama kwa miguu miwili mizima, alilifikia kwa kujinyoosha. Akageuka kutazama vitanda vingine vitano. Vikombe vyote vilikuwa vimepinduliwa.

Hapo ndipo yale mashuka manne yalipomjia kichwani, na doa lake dogo, la rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana, lenye harufu kali. Alikuwa ameliona wiki tatu nzima, akalifua, akaimba.

Wazee hawakuwa wameacha kulowesha vitanda kwa kutunzwa vizuri. Walikuwa hawapewi maji. Mhudumu alipoingia zamu saa tisa, kitu cha kwanza kilikuwa kukusanya majagi, na hakuyarudisha mpaka asubuhi, tena mahali ambapo mikono yao haifiki.

Bi Povu alimnywesha Bibi Redio kijiko kwa kijiko, akawamiminia wengine, kisha akaenda ofisini kwa msimamizi akiwa na mashuka mawili kwapani, moja la chumba cha kwanza, ambako maji yalinywewa, na moja la cha tatu. Akayatandaza juu ya meza, juu ya makaratasi.

Msimamizi alikasirika, na si ajabu. "Wewe mwenyewe jana ulisimama ukamsifu," alimwambia. "Leo umegeuka daktari? Rudi kwenye mabeseni yako, mama, kabla hatujakosana."

Kwa mtu anayelipa kodi ya chumba kwa mshahara wa mabeseni, maneno hayo si mepesi. Bi Povu alijikaza kisabuni. Akavuta kiti cha wageni, akakaa, akasema hatoki mpaka muuguzi aitwe. Muuguzi huja mara tatu kwa wiki, na Alhamisi haikuwa siku yake.

"Niliogopa," anakiri. "Lakini nilijiambia, nikitoka hapa, Jumatatu wazee wote ishirini na wanne watanyimwa maji, na makofi nimeyaanzisha mimi."

Alikaa muda wa saa nzima. Hatimaye msimamizi, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa kuamini, akapiga simu. Muuguzi alipofika alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Redio, akamvuta ngozi ya nyuma ya kiganja kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama. Aliita gari, na Bibi Redio akapelekwa hospitali jioni ile ile, akatundikiwa maji siku nne. Wawili wengine walitibiwa pale pale kitandani. Jumatatu ilipofika, hakukuwa na njia ya kumfundisha mtu yeyote.

Mtoto wa Bibi Redio, fundi wa kushona viatu, anamtembelea mama yake kila Jumapili. Katika wiki zile tatu alimkuta kimya mara tatu. "Nilifikiri ametulia," anasema, macho chini. "Nikamwambia mke wangu, mama siku hizi hana makelele, pale wanamtunza. Nilikuwa nashukuru."

Mhudumu naye hakujificha. Sasa anafanya zamu ya mchana, ya muda wa saa nane tu, na mwenzake pembeni, na ndiye anayezungusha majagi. Alikubali kuzungumza akiwa anamkata mzee mmoja kucha. "Peke yangu na watu kumi na wawili, kila asubuhi nasemwa kwa mashuka," anasema. "Hicho si kisingizio. Nilijua wana kiu. Nilikuwa nafumba macho." Anamalizia kidole, anapuliza vumbi la kucha. "Na Bi Povu anajua hivyo. Tumeshaombana msamaha, mimi na yeye."

Siku hizi kila Jumatano dobi ana kiti chake kwenye kikao, na huzungumza wa kwanza. Wageni nao hawapiti bila kupewa somo. Ukimtembelea mzazi wako, anawaambia, usiridhike na nywele zilizochanwa, maana hizo huchanwa kwa ajili yako. Tazama kama kikombe kiko mahali ambapo mkono wake unafika. Tazama midomo. Mwenye maneno mengi akinyamaza ghafla, usishukuru. Uliza.

Lakini kuna jambo lililomshinda kulielewa mpaka Bibi Redio alipotoka hospitali. Kwa nini mwanamke yule, mwenye kelele za soko zima, hakupiga kelele hata siku moja kuomba maji?

Bi Povu alimuuliza, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, baada ya kwanza kuungama yale makofi aliyopiga.

"Na mimi nilipiga," Bibi Redio alimjibu. "Moyoni. Miaka miwili naamka nimelowa, mtu mzima kama mimi, natazamwa na watoto. Halafu siku moja nikaamka pakavu. Nikasema, kumbe bado ni mtu. Ningeomba maji, ningelowesha. Nikaona bora kiu."

Bi Povu anasema alilia siku hiyo kuliko alivyolia kwenye msiba wa mumewe. Miaka kumi na saba alijua kusoma mashuka, lakini ile aibu hakuwahi kuisoma, kwa sababu haiachi doa.

Amebakiza miaka miwili astaafu. Anachotaka kabla ya hapo ni kumpata mrithi wa mabeseni, na hataki mtu mwenye mikono ya nguvu tu. Anataka atakayefanya kile anachokifanya yeye sasa kila mzee mgeni anapoletwa. Huacha kazi, hujifuta povu, huenda mpaka kitandani, hukaa karibu na kumshika mkono kabla ndugu zake hawajaondoka.

"Namwambia, karibu. Mimi ndiye dobi," anasema. "Hapa kunywa maji, kunywa chai, kunywa unachotaka. Ukilowesha, ni sawa. Nililetwa hapa kwa ajili yako."