Mishale Sita ya Mbao

Katika kilabu chetu kuna sheria ambayo haijawahi kulegezwa: anayeshindana kwa upinde wa mbao lazima alete mishale ya mbao, isiyopungua sita. Nilizunguka maduka ya michezo katikati ya jiji mchana mzima nikiitafuta, na kila mahali nilioneshwa ya chuma, au ile ya plastiki ya watoto. Nikaamua kuitengeneza mwenyewe. Mashindano yalikuwa baada ya miezi mitatu, na niliona huo ni muda wa kutosha.

Fundi mmoja wa fanicha kando ya Ngong Road, si mbali na nyumbani kwangu Woodley, alinipasulia fito kumi na mbili za saipresi. Nilikuwa nimemweleza kwamba nyuzi za mbao lazima zifuate ufito kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Zikikatwa njiani, mshale unaweza kuvunjika ukiachiliwa, na kipande kikaingia mkononi mwa mpigaji.

"Madam, hii imenyooka," alisema, ameinua ufito mmoja mbele ya jicho.

"Imenyooka kwa nje. Angalia nyuzi."

"Ukipiga vanishi nyuzi hazionekani."

Tulibishana hadi akapasua mbili mpya badala ya zile mbaya zaidi. Zilizobaki nilizichukua hivyo hivyo kwa kuchoka, nikijiambia labda ni mimi ninayezidisha.

Mbao ilikuwa mbichi. Nikapeleka fito Mutuini kwa mama, nikazilaza juu ya jiko la kuni zikauke polepole kwa moshi, na nikamwomba asiziguse. Niliporudi baada ya wiki saba nilikuta zimebaki saba. Nyingine tano zilikuwa shambani, zimechomekwa ardhini, nyanya zimefungwa juu yake kwa vitambaa.

"Mami, si nilisema zisiguswe?"

"Ulisema nisizichome," mama alijibu, akiendelea kupalilia. "Nimechoma gani?"

Niling'oa mmoja. Ncha ilikuwa imeoza na katikati umepinda. Niliurudisha kwenye shimo lake, nikafunga nyanya tena, kisha nikabeba zile saba kurudi nazo Woodley.

Kuanzia hapo kila jioni nikitoka kazini Westlands nilikaa barazani na randa. Ufito wa pembe nne nilikuwa naufanya wa pembe nane, kisha nauviringisha ndani ya msasa mpaka uwe duara. Uliopinda niliupasha moto juu ya jiko na kuunyoosha kwa vidole ukiwa bado unachoma. Asubuhi niliukuta umepinda tena, pale pale. Mmoja niliusahau motoni nikijibu simu ya ofisi, ukaungua katikati. Sasa zilibaki sita kamili.

Manyoya niliyapata kwa jirani wa mama anayefuga bata mzinga. Nilibandika matatu kwa kila mshale. Nilipoijaribu, iliyumba hewani kama imelewa, na mmoja ukapita kando ya shabaha kabisa. Ndipo mwenzangu wa kilabu aliponiambia kwamba manyoya ya mshale mmoja lazima yatoke bawa la upande mmoja. Nilikuwa nimechanganya ya kulia na ya kushoto kwenye yote sita. Nilikwangua gundi kwa wembe siku nne, nikaanza upya.

Asubuhi ya mashindano mkaguzi wetu, mhandisi mstaafu mwenye kilemba na maneno machache, alichukua mishale yangu akaanza kuipinda mmoja mmoja karibu na sikio. Mitatu ya kwanza aliiweka mezani. Wa nne aliupinda mara mbili.

"Huu siwezi kuuruhusu, dada."

"Una shida gani? Nimeupiga jana mara kumi."

"Sikiliza." Aliupinda tena, na mimi nikasikia mlio mdogo, kama wa njiti ya kibiriti inayovunjika. Nyuzi zilikuwa zimekatwa kiubavu karibu na manyoya.

"Mitano ni mizuri," alisema alipomaliza kupinda miwili iliyobaki. "Lakini sheria ni sita. Pole."

Nilitamani anigombeze ili nami nigombe. Hakunigombeza. Alinipa kalamu na karatasi, nikashinda juani nikiandika alama za watu wengine, wengi wao wakiwa na mishale iliyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo.

Walipoanza kufunga vitu nilisimama kwenye mstari na ile mitano. Mitatu ilikaa karibu karibu, juu kidogo ya katikati, na kwa dakika moja nilifurahi. Miwili ilienda kushoto. Nilipokwenda kuichomoa, mmoja wa hiyo ulikuwa na ufa mwembamba uliotokea chini ya gundi. Niliuvunja gotini mwenyewe, nikaweka vipande kwenye mkoba, nikaenda kutafuta boda.