Watoto Hawajambo?

Ninafundisha fizikia katika sekondari moja ya wasichana hapa Songea. Mwaka jana mwanafunzi wangu bora alitaka kusomea sayansi ya nyuklia, lakini mama yake akakataa kusaini fomu ya ufadhili. Nikaenda kwao Lusewa mwenyewe.

Nilimkuta mama anafunga majani ya tumbaku, binti yuko pembeni yake, vidole vyao vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Tukasalimiana. "Watoto hawajambo?" akaniuliza. Kila mtu hujibu hawajambo, yakaisha. Mimi, kwa uchovu wa safari, nikasema sina.

Nikaeleza saa nzima: mionzi hupimwa, wafanyakazi hukingwa, hospitali zinawahitaji wataalamu hao kutibu saratani. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwalimu," akasema. "Ila hiyo mionzi wanasema inaharibu kizazi. Na wewe unafundisha hayo mambo, na mtoto huna."

Nilipandwa na hasira. Maabara yetu haina hata betri, mionzi itoke wapi? Nikamgeukia binti anitetee, maana nimemfundisha miaka minne.

Alikuwa ananitazama tumbo.