Kipande Kilichosuguliwa kwa Majivu

Kilianguka mchana, anga ikiwa safi. Tulisikia mshindo mmoja, bila ndege wala wingu la kulaumiwa, kisha kitu kikajikita kwenye matuta ya maharage nyuma ya nyumba ya mdogo wangu, hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu. Nilipofika alikuwa ameshakiokota, amekisugua kwa mchanga na majivu mpaka kinang'aa kama sufuria ya harusi.

Nilipiga kelele. Ganda jeusi la kuungua aliloling'oa ndilo ambalo lingetuambia kimepita kwenye moto gani.

“Yaya, mi nikuonyeshe kitu iko chafu?” aliniuliza, akiniita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, tena kwa mshangao wa kweli.

Huyo ndiye mdogo wangu. Bahati inamwangukia nyuma ya nyumba, naye anaiosha.

Aliyesoma kemia Bukavu ni mimi. Nilifanya kazi maabara kabla hatujakimbia, na tangu tufike Malawi nashona sare za shule na nguo za kwaya. Siku ile nilichomoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaisogeza: haikushika. Nikakizamisha kipande kwenye jagi nikaangalia maji yalivyopanda. Kilikuwa chepesi mno kuwa chuma, nikakisia alumini. Majirani walinizunguka. Mmoja alisema satelaiti, mwingine alisema ishara ya mwisho wa dunia, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nina raha ambayo sikuwa nimeionja kwa miaka.

Mtaalamu wa maabara alipokuja kutoka Lilongwe kukichukua nilimweleza yote kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza ni nani aliyekiokota. Alitaka huyo awepo maabara wakati wa kukikata, watu wa kambini wasije wakasema kimebadilishwa. Nafasi kwenye gari ilikuwa moja tu.

Mdogo wangu alipanda, amevaa kitenge nilichomshonea mimi. Alinipungia mkono mpaka gari likapotelea kwenye vumbi.

Sitasema nilimtakia heri. Nilimwonea wivu kiti cha gari, mlango wa maabara, hata ile harufu ya asidi ambayo angeikunjia pua. Nilishona mkono wa shati ndani nje, nikaufumua, nikaushona vilevile tena. Mteja alipoulizia nguo yake nilimjibu vibaya, na hakuwa na kosa lolote.

Mdogo wangu alirudi jioni, akanionyesha picha kwenye simu: yeye, ndani ya koti jeupe, anatabasamu kama daktari. Koti lenyewe lilimpwaya. Mimi lingenikaa sawasawa.

“Wamesema nini?” niliuliza.

“Ni alumini, na bimetali bingine bidogo bidogo, nimesahau majina. Kimetoka wapi, habajui. Ule weusi ungebasaidia, balisema, lakini uliisha. Baliona majivu tu.”

Nilifurahi, tena sana. Nilikuwa nimekisia sawa, na yeye ndiye aliyeharibu. Kisha nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kilichokuwa kinanichoma tangu asubuhi: ile mashine inayosoma metali, ikoje siku hizi? Inatoa mwanga? Inalia?

“Ile sikuiona,” alisema, huku akivua viatu. “Yule monsieur aliniambia ningoje nione. Nikamwambia zikomo, asante, lakini hapana. Soko ya Old Town ilikuwa karibu kufunga; majibu balinipa nikirudi kwenye gari.”

“Ukaenda sokoni?”

“Ee, njo nilienda. Sindano zako si ziliisha butu zote? Nimezunguka maduka ya Bahindi mpaka nikapata za mashini yako.”

Akanitia pakiti mkononi, sindano za namba yangu hasa, ile ambayo Dzaleka haipatikani. Alikaa ananitazama, akingoja nifurahi.

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, akaambiwa ngoja uone, akaniwazia mimi, akaondoka. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi. Nilifungua pakiti ile, nikatia sindano mpya kwenye cherehani, nikaufumua tena ule mkono wa shati.