Maandishi Aliyoyafuta Maruyama

Maruyama Tatsunori alikuwa msoma mita za maji hapa mjini Matsumoto, lakini roho yake ilikaa kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba yake, alikokuwa akitengeneza magitaa ya besi. Alitengeneza sita kwa mikono yake. La kwanza lilikuwa zito kama kinu, na mkewe akaishia kulitumia kukandamizia pipa la mboga za chumvi. La sita ndilo alilolipigia katika bendi yetu. Tulikuwa wanne, wote watu wenye kazi nyingine. Mimi nina duka la dobi, na katika bendi napiga ngoma. Tulipiga kwenye sherehe za mtaa wa maduka, harusi za watoto wa marafiki, na karamu za wastaafu katika hoteli za chemchemi za maji moto.

Watu walimletea magitaa yao yaliyopinda shingo na yaliyokatika waya, naye hakukataa la mtu. Kitu kimoja tu hakukipenda: kutazamwa akiwa kazini. Ukiingia kibandani anaweka bisibisi chini na kukuuliza habari za hali ya hewa mpaka uondoke.

Ufundi huo alifundishwa na marehemu Horiuchi Nobuhiro, mpiga besi aliyemzidi umri kwa miaka saba. Horiuchi alifariki wakati wa theluji. Mwezi wa sita, mvua zikiwa hazikatiki, mjane wake, Bi Sumie, alileta besi ambayo mumewe aliitengeneza mwenyewe. Binti yao Kanae alitaka kujifunza, lakini nyuzi zilikuwa zinakoroma kila zikiguswa.

Maruyama alifungua skrubu nne, akaitoa shingo. Pale inapokalia, ndani ya mwili wa gitaa, palikuwa na gundi ya zamani na uchafu, shingo ikawa haikai sawa. Akachukua msasa. Redio ilikuwa inatangaza besiboli, naye akawa anasugua huku akisikiliza. Alipopuliza vumbi akaona kivuli cha kijivu, mstari mmoja wa penseli. Akadhani ni alama ya seremala. Akapitisha msasa tena.

Kesho yake Bi Sumie akapiga simu.

"Shemeji, umeshaifungua?"

"Nimeifungua."

"Basi umeona upuuzi aliouandika yule mzee? Chini ya shingo, kwa penseli: 'Kwa Sumie, asiyependa kelele.' Miaka thelathini na moja ya ndoa, barua ya mapenzi niliyopata ni hiyo tu! Nimeisoma mara moja, siku aliyoifunga shingo."

Maruyama aliitazama ile mbao, safi kama kiini cha mkate.

"Nimeona," akasema. Bi Sumie akacheka, na yeye akacheka.

Usiku huo hakulala. Asubuhi alitafuta kadi za mwaka mpya ambazo Horiuchi alikuwa akimtumia, akazipanga mezani, akajifunza mwandiko wake kama mtoto wa darasa la kwanza. Alijaza daftari zima. Kisha akaandika ndani ya gitaa, akapakaza vumbi kwa kidole, akadondosha chai kidogo ili paonekane pa zamani. Akafunga shingo. Nyuzi zikalia vizuri mno.

Kama mambo yangeishia hapo, labda angezoea. Lakini mwezi wa kumi, kwenye sherehe ya mtaa wa maduka, Bi Sumie aliomba Maruyama apige besi hiyo kwa kumkumbuka mumewe. Kabla hatujaanza akapewa kipaza sauti, akawasimulia watu habari za yale maneno. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Maruyama alisimama nyuma yake, ameinamisha kichwa. Wimbo wa kwanza aliukosea mara tatu, yeye ambaye hata akiwa na homa hakosei.

Tulipomaliza, Kanae akaja. "Mjomba, nifungulie nione." Akafungua. Binti akapiga picha, Bi Sumie akagusa yale maandishi kwa ncha ya kidole, akalia kimya kimya. Kisha akamshika Maruyama mkono: "Asante, shemeji. Umenitunzia."

Tulipokuwa tunapakia spika kwenye gari langu, Maruyama aliniambia yote. Nikamjibu bila kufikiri, "Nyamaza, bwana. Mama wa watu amefurahi. Unataka afiwe mara ya pili?"

Alinyamaza siku tisa. Siku ya kumi, Jumapili asubuhi, alikuja dukani na kuniomba nimpeleke. Alikuwa amevaa suti ya msibani.

Bi Sumie alitukaribisha kwa chai na figili za chumvi. Kanae hakuwepo, besi ilikuwa imeegemezwa karibu na picha ya marehemu. Maruyama hakugusa chai. Alipiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mkeka, akasema, "Yale maandishi niliyafuta mimi kwa msasa. Uliyoyaona ni mwandiko wangu." Mimi nilitazama sahani ya figili.

Bi Sumie aliigeukia besi pale karibu na picha.

"Siku ile ya simu," akasema, "ulisema umeona."

"Nilidanganya."

"Ungeniambia siku ile, ningekasirika wiki moja. Sasa nimelia mbele ya mtaa mzima kwa ajili ya mwandiko wako." Akasukuma kikombe chake kando. "Hata mwanangu kaweka picha ya maneno hayo kwenye simu."

"Nisamehe, shemeji."

"Usiniite shemeji kwa leo. Vifaa unavyo?"

Alikuwa navyo mfukoni. Sijui kwa nini. Alifungua skrubu moja baada ya nyingine; bisibisi ikateleza na kukwaruza rangi. Bi Sumie akasema, "Futa. Afadhali pawe patupu." Akafuta, naye Bi Sumie akikodoa macho mpaka neno la mwisho. Kisha akalipuliza vumbi yeye mwenyewe, akatuonyesha mlango.

Kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha Horiuchi hatukualikwa.

Maruyama bado anapiga nasi. Magitaa ya watu alikataa mwaka mzima, na siku hizi akilipokea moja humkalisha mwenye gitaa kwenye kigoda, amtazame kila hatua. Wenzetu humtania, "Mzee, siku hizi unafanya maonyesho?" Yeye humsogezea mteja kigoda karibu zaidi. Akikutana na Bi Sumie sokoni husalimiwa, wakaongea habari za baridi, naye hubaki ameinama mpaka mama wa watu apotee kwenye kona.

Amelipa alivyoweza. Mimi niliyemwambia anyamaze, Bi Sumie huniletea makoti yake kila majira ya kuchipua, hunishukuru kwa pasi nzuri, nami mpaka leo sijamwambia kitu.