Samaki wa Kukaa na Kobe

Saruji iliyolowa maji ya mvua ina harufu yake, ya ukungu na majani yaliyoanza kuoza. Kila ninapoisikia, hata leo nilivyo bibi kizee, wivu hunipanda palepale, na mniwie radhi, sina njia ya kuusimulia kwa upole.

Zuhura alikuwa dada yangu kwa baba. Mama yake, niliyemwita mama mkubwa, ndiye aliyeolewa kwanza. Mama yangu akafuata. Tuliishi sote nyumba moja Kariakoo, zama za Mwingereza, kabla ya vita vya pili, na uani tulikuwa na birika la saruji la kukingia maji ya mvua. Zuhura alipougua surua, baba, aliyekuwa akienda Ruvu kununua mchele, alishuka kwenye treni na kikapu chenye kobe wawili wa majini, akampa yeye. Surua yenyewe aliipata kwangu! Mimi niliyetangulia kuugua niliambulia uji. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, nami nilikonda hadi gauni likanipwaya.

Kobe wakatiwa birikani. Watoto wa mtaa mzima wakawa hawatoki uani kwetu, na wote walimtafuta Zuhura. Mimi walinipita kama nguzo ya nyumba.

Kisha akaja bwana afya na upawa wake. Akachota maji, akakuta viluwiluwi vya mbu vinajinyonganyonga. Akaamuru tutie samaki wa kuvila, kama walivyofanya majirani, ama birika likaushwe.

Baba akakuna kichwa. "Kobe nao wanakula samaki," alisema. "Asipopatikana samaki wa kukaa nao, hawa wanarudi Ruvu."

Zuhura akaangua kilio. Mimi moyo ulinichezea ngoma, mpaka mama alipoingilia: "Mwache huyu wangu awatafute. Samaki watakaosalimika wawe wake." Baba akakubali, na hapo nikakosa raha. Nilitaka kobe waende zao, lakini nilitaka zaidi na mimi niwe na changu humo birikani.

Nikachukua kanga kuukuu, nikashuka Jangwani kwenye madimbwi ya mvua, nikavua visamaki vyekundu vyenye mapezi ya buluu. Kobe sikuwawaza hata kidogo. Niliwawaza watoto wa mtaa watakavyomwacha Zuhura na kunizunguka mimi.

Jioni nikavitia birikani. Asubuhi nilikuta kimoja kinaelea bila mkia, na magamba ya vingine. Zuhura akawalilia samaki wangu kuliko nilivyowalilia mimi, na watu wakambembeleza yeye. Hata msiba wangu aliuchukua!

Mama alikuwa kando ya birika akichagua mchele kwenye ungo. Hakunipa pole.

"Umeleta wa kutazamwa," alisema. "Lete wa kukaa. Awe mpana, asienee mdomoni mwao. Awe mwepesi wa kukimbia. Na hayo mapezi ya kupepea ya nini? Unamwita mwenye meno."

Alinituma mto Msimbazi nikavue perege wa upana wa kiganja changu, wenye rangi ya tope. Alinifanya nipange vigae vya mitungi chini ya birika wapate pa kujificha. Halafu, kabla sijawatia, akaniamuru niwalishe kobe minyoo mpaka waikatae.

"Mgeni haingizwi kwenye nyumba yenye njaa," alisema.

Niliwalisha huku nimenuna. Kuwashibisha kobe wa Zuhura kwa mikono yangu mwenyewe!

Perege wakakaa. Mmoja alipoteza kipande cha pezi, kisha kobe wakachoka kufukuza wasichokipata, na viluwiluwi vikaisha. Bwana afya aliporudi, tulimwamkia, akaitika marahaba, akazamisha upawa wake.

"Maji safi. Samaki wa nani hawa?"

"Wangu!" nilisema kabla Zuhura hajafungua mdomo.

Akawatazama kidogo. "Haya, vizuri," alisema, kisha akachutama upande wa pili. "Lo, na hawa kobe! Wazuri kweli!"

Wivu wangu haukuisha siku ile, wala mwaka ule. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeubeba katika nyumba ile. Mama zetu niliwaona wametulia, kila mmoja na jiko lake na zamu yake. Nilikuwa nimeshaolewa, na mama mkubwa ameshatangulia mbele ya haki, siku nilipomuuliza mama kwa nini alinisaidia. Angenyamaza tu, nilimwambia, kobe wangeondoka, nami ningepona. Na yeye alimjua vipi samaki wa kukaa na kobe, mtu ambaye hajavua hata dagaa?



"Kobe wangerudi Ruvu, mwanangu," mama alisema. "Mimi na mama yako mkubwa tungerudi wapi?"