Komwe za Mudiri

Mwaka tulipopata uhuru, wanaume wa Msambweni walishikwa na wazimu wa kuwapima wakubwa. Kila baada ya alasiri walikusanyika barazani petu, bao katikati, lakini hawakulicheza. Kila mtawala alipewa shimo lake: mudiri wa enzi za sultani, Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo, na mkubwa mpya wa serikali yetu. Kisha waliwatilia komwe, zile mbegu za kuchezea: kwa haki, kwa ukarimu, kwa kusikiliza shida za watu.

Mudiri alishinda kila siku. Si kwamba alikuwa mwema, hasha! Alikuwa amekufa, na kwetu marehemu hutajwa kwa mema tu. Mkubwa mpya, maskini, alikuwa hai, basi alisemwa mpaka shimo lake likabaki tupu. Mimi nilikuwa msichana wa kuwapelekea kahawa, na upuuzi ule ulinikera.

Aliyekereka zaidi ni bibi yangu. Mudiri huyo ndiye aliyemchukua mwanawe wa kwanza akabebe mizigo katika vita vya Wajerumani. Alichukuliwa pamoja na kaka yake bibi. Kaka alirudi peke yake, akasema walitengana njiani. Hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, haikusomwa. Tangu hapo bibi hakuukomea mlango wa uani, na kila chakula alimwekea mwanawe sahani. Nimekulia katika nyumba hiyo, nikishtuka kwa kila kishindo. Wallahi, hata leo sili nikiupa mlango mgongo.

Siku moja bibi alitoka jikoni, akasimama mbele yao.

"Mpimeni na mwanangu."

"Dada, yule hakuwa mtawala," alisema kaka yake, ambaye ndiye aliyegawa komwe.

"Si kitu. Yu hai, basi msemeni kama mnavyomsema huyo mpya. Alikuwa mvivu. Alikuwa akiniibia madafu. Haya, wewe ulikwenda naye, nipe ubaya wake mmoja tu."

Mzee yule, ambaye ulimi wake haukumsaza mtu aliye hai, alizigeuzageuza komwe mkononi. Nilitamani kumpigia kelele: sema alikuwa mwongo, sema lolote! Machozi yalimlenga.

"Alikuwa kijana mwema, dada," alisema. "Mwema sana."

Bibi alitikisa kichwa polepole, akarudi ndani. Tukasikia komeo la mlango wa uani likisukumwa. Lilikataa mara ya kwanza, kwa kukaa miaka mingi bila kuguswa, kisha likaingia.